Nina kadi ya grafiki ya maji, naogopa kuiwasha

*"Habari za kazi fundi. Niko Jinja, kazi yangu ni kuediti video za harusi na kurenda picha za 3D kwa Blender. Kaka yangu amerudi kutoka Dubai na RTX 4090, ile ya kupoozwa kwa maji, iko na rejeta yake ya feni mbili. Kompyuta nimeiunga mwenyewe, prosesa ni Ryzen 9 7950X na kipoozeo chake ni cha hewa, pawasaplai ni ya wati 850. Wiki ya tatu sasa kadi iko kwa boksi maana naogopa. Fundi mmoja hapa mtaani ananiambia lazima niongeze maji kila mwezi na maji yenyewe yawe kulanti ya gari. Mwingine anasema umeme ukikatika ghafla maji yatachemka, mpira upasuke, yamwagikie kila kitu. Rejeta niiweke juu au mbele? Plagi yake inataka nyaya nne za pini nane na mimi ninazo tatu tu. UPS yangu ni ya 650VA. Nifanye nini, au niiuze tu ninunue ya feni za kawaida?"*

Ndugu yangu wa Jinja, hongera kwanza na pole kwa hizo wiki tatu za kuangalia boksi. Nimesoma swali lako mara mbili na nimeona hofu yako karibu yote iko kwa maji. Nitakujibu ya maji moja moja, lakini nataka ujue mapema kwamba kadi zilizoletwa mezani kwangu zikiwa zimekufa, zilizouawa na maji ni chache sana. Nyingi ziliuawa na umeme, yaani plagi ambayo haikuingia mpaka mwisho, au waya wa pawasaplai nyingine uliochomekwa kwa nguvu, au umeme wa nyumba uliorudi vibaya usiku. Kwa hiyo ukimaliza kusoma ya maji usifunge simu, ya muhimu yako chini.

Tuanze na jinsi hiyo kitu inafanya kazi, maana ukielewa utaacha kusikiliza kila mtu. Ndani ya kadi, juu ya ile chipu, kuna bamba la shaba lenye mifereji myembamba sana. Pampu ndogo inasukuma maji yapite kwenye mifereji ile yabebe joto, yanatoka kwa mpira mmoja yanaenda kwenye rejeta, feni zinapuliza, yakishapoa yanarudi kwa mpira wa pili. Ni kama rejeta ya gari, tofauti ni kwamba ya gari ina kifuniko cha kuongezea maji, ya kwako haina, imefungwa kiwandani moja kwa moja. Kwa hiyo huyo aliyekuambia uongeze maji kila mwezi, labda anafikiria zile mashine ambazo mtu anaunga mabomba na tanki mwenyewe, na hata hizo haziongezwi kila mwezi. Ya kwako huongezi kitu. Ukifungua skrubu za pampu umeua garanti, na pengine umeingiza hewa ambayo hutaweza kuitoa.

Na kulanti ya gari wala usiifikirie. Kwenye hizi za kufungwa kiwandani mara nyingi bamba ni shaba na rejeta ni aluminiamu, na metali hizo mbili zikiwa kwenye maji ya kawaida zinaanza kulana polepole, aluminiamu ndiyo inaliwa, uchafu wake unaenda kuziba ile mifereji. Kiwanda kinajua hivyo, ndio maana kinachanganya glikoli na dawa za kuzuia kutu kwa kipimo chao. Ukiongeza kitu kingine juu yake unaharibu kipimo. Ningekuambia hivyo hivyo hata kama ungekuwa umetaja maji ya chupa ya kunywa, yale yana madini, au maji ya betri ya pale kwa kituo cha mafuta, ambayo mengine yanauzwa karibu na asidi kwenye chupa zinazofanana. Usimimine chochote.

Sasa hii ya umeme kukatika na maji kuchemka. Fikiria tu joto linatoka wapi. Linatoka kwenye chipu, na chipu inakula umeme huo huo uliokatika. Pampu ikisimama kwa sababu umeme umekatika, chipu nayo imezimika sekunde hiyo hiyo, hakuna moto wa kuchemsha maji tena, joto lililobaki linatulia taratibu. Hatari ya kweli ni nyingine, pale umeme uko, kadi inafanya kazi, halafu pampu peke yake imekufa. Hapo joto linapanda haraka, lakini hata hapo Nvidia wameiwekea 4090 kikomo cha nyuzi 90, ikifika kule inajipunguzia kasi yenyewe na ikizidi inajizima. Utaona renda inatambaa, monita inaweza kuwa nyeusi, lakini mpira hautapasuka kama puto.

Kuvuja je? Kunaweza kutokea, sitakudanganya, mara nyingi kwenye maungio ambapo mpira unaingia kwenye rejeta au kwenye kadi, hasa kama mzigo ulikunjwa vibaya ukisafirishwa. Na kwa sababu yako imetoka Dubai kwenye begi, fanya hivi kabla hujafungua kesi. Itoe kwenye boksi, iweke mezani juu ya tishu nyeupe za jikoni, kadi upande mmoja na rejeta upande mwingine, iache usiku mzima. Asubuhi angalia tishu chini ya maungio yote manne. Angalia pia kama kuna doa lililokauka lenye rangi au linalonata, na kama mpira una mkunjo mkali ambao haunyooki. Ukiona unyevu wowote usiifunge kwenye mashine, mrudishie kaka yako aishughulikie na duka alilonunua, maana garanti nyingi za vitu hivi zinafuata nchi ilikonunuliwa, na hilo muulize leo kabla risiti haijapotea.

Kuhusu rejeta kukaa juu au mbele, mimi kwa mashine yako ningeiweka juu, feni zikitoa hewa nje. Sababu ya kwanza ni hewa iliyo ndani ya maji. Kila mfumo wa kufungwa una kipovu kidogo cha hewa, na miaka ikienda kinaongezeka kwa sababu maji yanapenya polepole sana kwenye ukuta wa mpira. Kipovu kinapanda juu siku zote. Pampu yako iko ndani ya kadi, na kadi iko katikati ya kesi, kwa hiyo rejeta ikiwa juu kabisa kipovu kinakaa kwenye rejeta bila kumsumbua mtu. Kosa ambalo hutakiwi kulifanya ni kuiweka rejeta chini ya kesi, chini ya kadi, hapo hewa itajikusanya kwenye pampu, utasikia inakwaruza na haitaishi. Sababu ya pili ni kwamba prosesa yako inapoozwa kwa hewa. Ukiiweka rejeta mbele ikipuliza ndani, zile wati 450 zote unazipuliza usoni kwa 7950X, ambayo nayo peke yake inaweza kuvuta wati 230. Mbele kadi itapoa vizuri zaidi kidogo, ni kweli, lakini prosesa italia, na wewe unafanya kazi za kurenda ambazo zinazitumia zote mbili.

Kabla ya kukaza, pima. Rejeta nyingi za hivi ni nene milimita 27 na feni ni 25, jumla 52, na chini yake kuna vijiti vya RAM na zile bamba za juu za madabodi. Shika rejeta kwa mkono mahali pake kwanza, uone haigusi, uone mipira inafika bila kuvutwa wala kukunjwa kona kali. Ikikataa juu ndipo uende mbele, mipira ikitokea chini, na ncha ya juu ya rejeta ibaki juu kuliko kadi.

Kuna kitu watu wengi hawakijui na kinatuhusu sisi huku. Wanafikiri kadi ya maji haitoi joto. Inatoa lile lile, wati 450 ni wati 450, maji yanalibeba tu kutoka kwa chipu mpaka kwa rejeta na mwisho wa safari ni hewa ya chumba chako. Lita moja nzima ya maji, ukiipa wati 450 bila feni, inapanda karibu nyuzi 6 kila dakika, na ya kwako haifiki hata lita. Kwa hiyo feni na hewa ya chumba ndizo zinafanya kazi kubwa. Na sisi Jinja na Kampala tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kama asilimia 10 kuliko ya Mombasa, feni ikizunguka kasi ile ile inasukuma hewa yenye uzito mdogo, kwa hiyo inaondoa joto pungufu. Usishangae basi ukiona kadi yako ina nyuzi kadhaa juu ya zile unazoona kwenye video za watu wa Ulaya wenye chumba cha nyuzi 20. Na vumbi letu jekundu, Mungu wangu, hilo linaziba mapezi ya rejeta kama sweta. Kila mwezi au miezi miwili puliza rejeta, ukishika feni kwa kidole isizunguke, mashine ikiwa imezimwa. Hiyo ndiyo huduma ya kila mwezi ambayo huyo fundi angekuambia.

Sasa umeme, na hapa soma polepole.

Plagi ya 4090 ni ndogo, ina pini 12 za umeme na nyingine 4 ndogo za kuongea na pawasaplai. Kadi ikivuta wati 450 kwa volti 12, hizo ni ampea 37 na nusu, zinagawanywa kwenye pini 6 (zile 6 nyingine ni za kurudisha umeme), kila moja inabeba zaidi ya ampea 6. Pini yenyewe imepimwa kwa ampea 9 na kitu. Unaona nafasi iliyobaki ni ndogo. Plagi ikiwa haijaingia mpaka mwisho, hata milimita moja au mbili, pini mbili tatu zinagusa vibaya, zile nyingine zinabeba mzigo wa wenzao, zinapata moto, plastiki inayeyuka. Tangu kadi hizi zitoke Oktoba 2022 picha za plagi zilizoyeyuka zilizagaa dunia nzima, mpaka plagi ikaja kubadilishwa kidogo, zile pini 4 ndogo zikafupishwa ili kadi ikatae kuvuta umeme kama plagi haijaingia vizuri. Ya kwako yaweza kuwa ya zamani, kwa hiyo macho yako ndiyo ulinzi. Isukume mpaka usikie au uhisi kile kidoko kimeshika, halafu mulika na tochi ya simu kutoka pembeni, kusiwe na mwanya kabisa. Na waya usiukunje karibu na plagi, uache uende moja kwa moja kama sentimita 3 na nusu ndipo upinde. Kama kioo cha kesi kinaukandamiza waya, usifunge kioo. Niliwahi kuletewa kadi ambayo mwenyewe alikuwa anafunga kioo kwa goti, plagi ilikuwa imegeuka kahawia.

Nyaya tatu zako. Waya wa pini nane unaruhusiwa wati 150 kwa kipimo rasmi, tatu ni 450, na adapta nyingi za nne, yaani kile kiunganishi kinachoingiza nyaya za pini nane kwenye plagi ndogo ya kadi, ukiunga tatu zinaiambia kadi isivuke 450. Kwa hiyo itawaka na itafanya kazi. Lakini hakikisha ni nyaya tatu tofauti zinazotoka kwenye pawasaplai kila moja na tundu lake, usitumie ule waya mmoja wenye vichwa viwili kama mkia wa samaki ukahesabu ni mbili. Kilicho bora zaidi ni kununua waya mmoja wa pini 16 uliotengenezwa na kampuni ile ile ya pawasaplai yako na kwa modeli ile ile, na hapa nakuomba kama ndugu yako, usichukue waya wowote unaoingia. Upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana, waya wa kampuni nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa na kupeleka volti mahali ambapo hazitakiwi, na kadi inakufa kabla hujaona hata logo. Kwenye maduka yetu nyaya zinauzwa zikiwa kwenye ndoo, zimechanganywa. Usinunue ya ndoo.

Wati 850 zinatosha? Nvidia wenyewe wanasema 850 kwa kadi hii. Tuhesabu, kadi 450, prosesa 230, na vingine tuseme 80, unafika 760. Inaingia ila imebana, na hizi kadi zinaruka juu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Pawasaplai za ATX 3.0, kipimo kilichotoka 2022, zimejengwa kuvumilia miruko hiyo, za zamani nyingine zinajizima katikati ya renda. Kama yako ni nzuri na bado changa, anza nayo, ila siku ya kwanza kabisa ingia kwenye programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha umeme mpaka asilimia 80, yaani wati 360. Hii 4090 inapunguziwa vizuri sana, utendaji unashuka kidogo mno hata hutaona kwenye kazi, na umepunguza joto la plagi, la chumba na la pawasaplai kwa mpigo, na yuniti zako za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, pia. Mimi hata kwa wenye pawasaplai ya 1000 huwa nawawekea hivyo.

UPS ya 650VA itoe hapo. VA siyo wati, nyingi za 650VA zinabeba wati 360 mpaka 390, kompyuta yako ikianza kurenda tu UPS inapiga kelele na kukata, umejiletea wewe mwenyewe ile kukatika ghafla uliyoiogopa. Tafuta yenye wati 900 au zaidi zilizoandikwa wazi, na iwe ya wimbi safi maana pawasaplai nzuri za sasa hazipendi lile wimbi la ngazi ngazi. Kama pesa haijafika, afadhali stebilaiza nzuri peke yake kuliko UPS ndogo. Iwe zamani kampuni ya Umeme au sasa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme iliyoshika kazi Aprili 2025, kwa upande wako nyumbani kitu cha kwanza ni ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Nyumba nyingi soketi ina matundu matatu lakini la juu halijaungwa popote. Kama ukigusa chuma cha kesi unahisi mchonyoto, hapo simamisha kila kitu, mwite fundi umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya umeme ya Uganda, apime ethi kabla kadi ya bei hiyo haijachomekwa. Hilo usijaribu mwenyewe.

Siku ya kufunga sasa, haina mambo mengi. Zima ukutani, chomoa, gusa chuma cha kesi. Lakini anza kwa kutoa draiva za kadi ya zamani kabla ya kuzima. Funga rejeta kwanza ukiwa umeacha skrubu zimelegea, halafu mtu mwingine akushikie kadi wakati unaingiza kwenye sloti ya juu ya madabodi, usikubali kadi ining'inie kwa mipira. Ikibofya, kaza skrubu za nyuma, rudi ukaze rejeta kwa msalaba, kona hii halafu ile ya mbali. Angalia kitabu kuona feni za rejeta zinachomekwa wapi, nyingi zinachomekwa kwenye kadi yenyewe. Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, huwezi amini ni simu ngapi napokea kwa sababu hiyo tu.

Weka tishu chini ya maungio, mbali na feni, washa bila kufunga kioo. Dakika za mwanzo utasikia kama maji yanabubujika, ni hewa inatafuta njia, inaisha. Isipoisha siku ya pili au ikiwa ni mkwaruzo mkavu, hiyo ni pampu, izime. Fungua HWiNFO, programu ya kuonyesha joto la kompyuta, piga renda ya Blender ya nusu saa. Chipu ikikaa kwenye nyuzi 50 na kitu au 60 na kitu uko salama. Ikipanda mpaka 85 ndani ya dakika mbili tatu wakati rejeta na mipira yote miwili ni baridi, pampu haizungushi maji. Baada ya hiyo nusu saa zima, chomoa, gusa plagi ya kadi kwa kidole. Uvuguvugu ni sawa, ikichoma usiiwashe tena.

Kuiuza? Nimelifikiria hili kwa dhati kwa sababu halina jibu moja. Ya feni ina faida ya kweli kwa mtu wa huku, feni ikifa unapata nyingine na fundi yeyote anaibadilisha, pampu iliyofungwa ikifa baada ya miaka hakuna wa kuitengeneza hapa kirahisi. Lakini 4090 za feni ni tofali, nyingi zinazidi sentimita 30, zinachukua sloti tatu na zaidi, pima kesi yako kabla hata hujaota, na ukiuza kwa haraka utapoteza pesa halafu utaishia kununua kadi yenye memori chini ya GB 24 ambazo kwa sini zako za Blender ndizo zenye thamani. Kama garanti ya Dubai iko hai na tishu zikatoka kavu, mimi ningeifunga. Kama garanti haipo kabisa na kazi ya harusi ndiyo inakulipia nyumba, kubadilishana na mtu mwenye ya feni ni uamuzi wa busara na sitakulaumu.

Ukishindwa popote, ukaona unyevu, harufu ya plastiki, au mashine inajizima ikipata mzigo, usijaribu mara ya tatu, ilete kwa mtu aishike. Ukija Kampala usilete kesi ikiwa na kadi ndani, barabara ile na malori yake itaivunja sloti. Fungua skrubu za rejeta na za kadi, itoe yote pamoja kama ilivyoingia, irudishe kwenye boksi lake na sifongo yake, na kwenye taksi ikae mapajani. Bodaboda usiikaribie nayo.